4294967297 si namba tasa

Ndugu, uliniuliza kama 4294967297 ni tasa, yaani haigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hapana, si tasa. Uliijaribu kwa 3, 7, 11 na 13 ikakataa, ukaona yatosha. Lakini chukua 641, uizidishe na 6700417, kwa mafungu ya 600, 40 na 1. Zidisha 6700417 kwa 600 upate 4020250200, kwa 40 upate 268016680, kisha ongeza hiyo 6700417 yenyewe. Jumla inatoka 4294967297, kamili bila baki.

Usijilaumu, hata Fermat, mwanahisabati maarufu, aliteleza hapohapo. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Wenzake wadogo, yaani 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kila kimoja ukiongeza 1, ni 3, 5, 17, 257 na 65537, nao wote ni tasa, naye akaamini mlolongo mzima utakuwa hivyo. Mwanahisabati Euler ndiye aliyeitoboa imani hiyo, mwaka 1732.

Na hakubahatisha. Kigawo chochote tasa cha namba hii lazima, ukikigawa kwa 64, kibakize 1. Kwa hiyo huna haja ya kuhangaika na 3 wala 7: unaruka 65, 129, 193, 257 na kuendelea. Ukiacha zisizo tasa unabaki na 193, 257, 449, 577, halafu 641. Jaribio la tano tu! Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia.

6700417 yenyewe ni tasa, kwa hiyo vigawo tasa ni hivyo viwili basi. Uliuliza pia kama kuna tasa nyingine ya aina hii: baada ya 65537 hakuna tasa nyingine ya aina hii iliyokwisha kupatikana.