Picha za ukoo siku ya harusi: maswali yenu

Tunafunga ndoa Namirembe saa nane mchana, karamu iko Entebbe. Picha za ukoo tupigie wapi? (Bibi harusi mtarajiwa, Kampala)

Pale pale kanisani, dada, mara tu mkitoka ibadani. Bustani za Entebbe zinavutia, lakini njiani watu hutawanyika: mjomba atapitia nyumbani kubadilisha koti, gari la wazee litakwama kwenye foleni, na mtakapokutana tena giza linaingia. Kwetu hapa karibu na ikweta jua huzama kwenye saa moja jioni mwaka mzima, na mwanga ukiondoka huondoka upesi. Entebbe iwe yenu wawili na wasimamizi wenu.

Anzeni na ukoo mzima, kisha mpunguze. Bibi na babu wakishapigwa waende wakakae, vijana ndio wabaki wamesimama. Kila kundi dogo lipeni dakika tatu, kundi kubwa kumi.

Mpiga picha anataka orodha, lakini hamjui mtu yeyote kwetu. Itamsaidia nini? (Msomaji, Tororo)

Peke yake haimsaidii. Mpeni na watu wawili, mmoja kila upande, wanaozijua sura na ambao wakiita watu wanaitika. Kwa Waganda ssenga, yaani shangazi, anaifaa kazi hii kuliko mtu yeyote. Bibi harusi asiachiwe kuita watu siku yake. Na kama ukoo wote ulipigwa kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho nyumbani kwa bibi harusi, orodha ya kanisani ifupisheni bila woga.

Baba ana wake wawili. Mama yangu na mama mdogo hawasemezani. Nitawapangaje? (Msomaji, Jinja)

Hili linaniuma, kwa sababu nimeona mama mzazi akiondoka uwanjani kwa neno moja la kwenye kipaza sauti: "Wazazi wote mbele!" Mshereheshaji hakuwa na nia mbaya. Hakuambiwa.

Kwa hiyo mwambie yeye na mpiga picha wiki moja kabla. Ziwe picha mbili: baba asimame mahali pamoja, asihame. Aje mama yako kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuzaa, akimaliza ashikwe mkono na mtu wake aondoke polepole, ndipo aje mama mdogo na wanawe. Kati yao wekeni picha ya baba na wanawe wote, ili wale wawili wasipishane ana kwa ana. Mama mdogo asiambiwe mipango hii na wewe, aambiwe na shangazi yako au na baba mwenyewe. Tena picha zote mbili ziwe na ukubwa mmoja kwenye albamu. Watazipima, nakuhakikishia.

Mama alifariki. Tunataka picha yake iwemo. (Msomaji, Arua)

Poleni sana. Ashike fremu dada yake mama, si mtoto mdogo. Na kioo mkitoe kabisa: kinarudisha mwanga wa jua, na mahali pa uso wa mama patabaki doa jeupe.

Nikaha ni Kibuli baada ya adhuhuri. Kanzu hutoka nyeupe pee na nyuso giza. Tena dada zetu hawataki kupigwa na mwanamume. (Bwana harusi)

Saa hiyo jua liko utosini, macho yote yanaingia kivulini. Sogeeni upande wa jengo wenye kivuli kizima. Chini ya mti mwanga hupenya majani ukatia madoa usoni, na hema la rangi huwapaka watu rangi yake. Dada zenu tafutieni mpiga picha mwanamke, wapigwe ndani, na mkubaliane mapema kwamba picha zao hazipandi WhatsApp wala kwingine.

Gomesi, yale magauni marefu ya akina mama, nazo zina mabega mapana. Waliozivaa wakae vitini kwa nafasi, vinginevyo bega la mmoja litameza kidevu cha jirani.

Harusi ni Aprili. Mvua je? (Msomaji, Mbale)

Itegemeeni. Ombeni sasa ruhusa ya kutumia baraza la kanisa au la msikiti, na mpiga picha akalione kabla ya siku yenyewe ajue linaingiza watu wangapi.