Nyasi zisizotakiwa ndani ya pasipalamu: ng'oa kwanza, utazame mzizi

SWALI: Nilipanda pasipalamu, ile nyasi ya bustani, mbele ya nyumba hapa Bombo, Uganda, sasa inakaribia mwaka wa pili. Kuna majani mengine yameingia. Kuna yanayorefuka upesi kuipita pasipalamu kila tukishakata, kuna yanayotambaa kutoka upande wa jirani, na karibu na geti kuna vishada vigumu vilivyolala chini. Kijana wa duka la pembejeo aliniuzia 2,4-D akasema inaua magugu na kuacha nyasi. Kishona nguo kimekufa chote, lakini hayo mengine hata rangi hayakubadilika. Niongeze kipimo? Shemeji yangu ananiambia nimwage chumvi.

JIBU: Usiongeze kipimo, ndugu yangu, na chumvi iache jikoni. Dawa uliyouziwa imefanya kazi yake. 2,4-D inaua magugu ya majani mapana kama kishona nguo na kafumbe. Nyasi haizigusi, na ndiyo sababu pasipalamu yako iko salama. Kwa sababu hiyohiyo, nyasi ngeni nazo zimesalimika. Ukizidisha kipimo utachoma maua yako ya kando na mboga za jirani bure.

Kwa maelezo yako naona una mimea mitatu, na kila mmoja una njia yake. Kabla ya kurudi dukani, ng'oa mmoja mmoja pamoja na mizizi, usuuze kwa maji. Jani lililokatwa juzi hudanganya hata sisi tunaofanya kazi hii. Anza na pasipalamu yenyewe ili uijue: ina shina nene linalotambaa juu ya ardhi, vifundo vimebanana, na ikiachwa itoe maua hutoa bua lenye matawi mawili juu, mara chache matatu.

Ule unaorefuka upesi nadhani ni ndago. Viringisha bua lake kati ya vidole: utahisi kona tatu. Chini utakuta viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama shanga kwenye uzi. Ukivuta kwa mkono uzi hukatika, viazi hubaki, na baada ya siku chache vinachipua upya. Dawa yake ni halosulfuron, ambayo inaua ndago na kuacha aina nyingi za nyasi za bustani. Ukiipata, hakikisha lebo inaruhusu kwa nyasi uliyo nayo. Usipoipata, ing'oe kila baada ya wiki mbili au tatu bila kuchoka, kabla majani hayajapata muda wa kulisha viazi vipya. Ni kazi ya misimu kadhaa. Mtu akikuahidi kuimaliza kwa wiki moja, mshukuru, umwache aende zake.

Vile vishada vya getini ni kasibanteeke. Kitako chake ni bapa, cheupe, na majani yametandazwa pande zote. Hana mizizi ya kutambaa. Anaishi kwa mbegu, na kishada kimoja hutoa maelfu. Basi ng'oa baada ya mvua, kabla hajatoa mbegu. Anapenda ardhi iliyokanyagwa ikashindiliwa, kwa hiyo lainisha udongo wa hapo getini kwa jembe la meno, uweke mawe ya kupitia, kisha upande pasipalamu pembeni. Usipofanya hivyo atarudi tu.

Shida yenyewe ni huo wa tatu, unaotoka kwa jirani. Ukikuta mizizi myembamba, myeupe, yenye ncha kali inayopenya udongoni, hiyo ni lumbugu. Kila kipande chenye kifundo kinaweza kuota, ndiyo maana kuilima kwa jembe ni sawa na kuipanda. Hapa hakuna dawa inayoua lumbugu na kuacha pasipalamu. Fluazifop wanayopiga kwenye maharage inaua nyasi, lakini pasipalamu nayo ni nyasi. Glyphosate haibagui chochote.

Kama madoa ni madogo, subiri kiangazi, Januari au Juni. Chimba kwa jembe la meno hadi sentimita 30, okota kila uzi mweupe, uuanike juu ya bati mpaka ukauke kabisa ndipo uuchome. Usiutupe kwenye shimo la mbolea. Kama doa ni kubwa, ngoja mvua ilichangamshe, acha kulikata kwa wiki mbili ili lumbugu iinuke juu ya pasipalamu, halafu vaa glovu za mpira na upake majani yake glyphosate kwa sponji. Kwa ile ya gramu 360 kwa lita, mililita 20 katika lita moja ya maji zinatosha, ila lebo ya chupa yako ndiyo ya kufuata. Maji yawe safi: glyphosate hushikwa na udongo, na maji ya tope huiua nguvu. Chagua siku ambayo mvua haitanyesha kwa saa sita hivi, na watoto na mbuzi wasipite hapo mpaka majani yakauke. Baada ya wiki tatu rudia palipochipua, ndipo upande pasipalamu mpya mvua za Machi au Septemba zikianza.

Kwa kweli, kama uwanja ni wa watoto kucheza tu na hauna kahawa wala bustani ya mboga karibu, mimi ningeiacha lumbugu. Ikikatwa mara kwa mara hufunika ardhi vizuri na kuzuia mmomonyoko. Wengi hawapendi kusikia hilo.

Mwambie pia kijana anayekukatia asifyeke kwa slasha hadi udongo uonekane. Pasipalamu ibaki na sentimita 7 hivi, maana kivuli chake huzuia mbegu za kasibanteeke kuota. Na ukinunua udongo mweusi wa lori, chota mikono miwili mitatu kutoka sehemu tofauti kabla dereva hajaumwaga. Ukiona nyuzi nyeupe, mrudishe nao.

Upande wa jirani, chimba mtaro mwembamba kando ya ua, wenye kina cha sentimita 30, na upite na panga kila mwezi kukata mizizi inayovuka. Chumvi ungeimwaga hapo, ingeua pasipalamu na maua yako kwanza, kisha lumbugu ingeingia tena kutoka chini.