Neno "pampu" peke yake halileti mnunuzi

Ndugu, unauliza kwa nini tovuti yako ya pampu za sola hapo Nakuru haina wageni ilhali umejaza "pampu" kila mahali. Neno hilo ni pana mno. Anayelitafuta huenda ni mwanafunzi tu. Anza kuandika "pampu ya sola" kwenye Google, usibonyeze kitufe cha kutafuta, usome mapendekezo yanayojitokeza. Chagua yenye dalili ya kununua, kama "bei ya pampu ya kisima Nakuru". Jaribu Kiingereza pia, wateja huchanganya. Kila ukurasa upe kifungu kimoja cha maneno kama hayo, kikae kwenye kichwa cha ukurasa. Kurasa mbili zikigombania kifungu kimoja, Google huenda ikaonyesha usioutaka. Baada ya wiki chache fungua Search Console, zana ya Google inayoonyesha tovuti yako inavyopatikana kwenye utafutaji: kifungu kikionekana sana bila kubonyezwa, rekebisha kichwa kwanza.