Shangazi, dhahabu unayoifua ni yako?

Mwanangu, juma lililopita uliniandikia kwenye kundi la familia: "Shangazi, mawazo ya vito vyako huyatoa wapi? Na mimi nikija Birmingham nitaweza?" Kaka zako wakaongeza lao, kwamba mtu anayeshika dhahabu kutwa hakosi pesa. Nilikuahidi nitakujibu nikitulia. Leo ni Jumapili, mvua haijakatika tangu alfajiri, nami nimetulia.

Nianze na la kaka zako. Dhahabu si yangu. Benchi ya sonara huku Uingereza imekatwa mbele kama mwezi mchanga, na chini yake huning'inizwa ngozi ya kukinga vumbi la tupa. Jioni vumbi hilo hukusanywa, likapimwa, likarudi kwa mwenyewe. Hata maji tuliyonawia mikono huachwa yatulie ili chembe zishuke chini zichukuliwe. Miaka saba ya mwanzo nilitengeneza pete za watu wanaooana, na kidoleni mwangu mlikuwa na pete ile ile ya fedha niliyotoka nayo Kibokoni, Mombasa. Mshahara ulilipa kodi ya chumba, nauli, gesi ya kupashia nyumba miezi ya baridi, na kile kidogo mlichokipokea kwa simu. Jirani yangu dereva wa basi alinizidi kipato. Najua wengine nyumbani walisema nabana. Sikubana, hakikuwapo.

Sasa hilo la mawazo, ambalo ndilo lililonifurahisha. Mwaka wa kwanza chuoni, kwenye ile shule ya masonara ya mtaa wa Vittoria iliyopo pale tangu 1890, mwalimu alitutaka kila mmoja alete michoro yake mwenyewe. Mimi nikachora mawaridi, kurasa kumi za mawaridi, kwa kudhani hivyo ndivyo Wazungu wanavyotaka. Akayatazama, akaniuliza: kwenu wanawake huvaa nini siku ya harusi? Nikaanza kuhesabu. Vipuli, kipini, mkufu, kidani, vikuku. Nilipofika kwenye kikuba nikakosa namna ya kukieleza kwa Kiingereza, nikachukua penseli.

Nikamchorea asumini, mkadi na mrehani vilivyofungwa pamoja na kubanwa kifuani. Nikamweleza kwamba asumini huchumwa jioni ikingali tumba, ikatungwa imefumba, kisha hufunguka usiku juu ya mvaaji, na asubuhi mto wote unanukia. Nilikuwa nimelala miaka yote hiyo karibu na harufu hiyo bila kujua kwamba ni kazi ya sanaa, kwamba yule mama aliyekuwa akitunga maua barazani alikuwa anapanga uzito, nafasi na mwendo kama mimi ninavyopanga sasa. Vipuli vyangu vya kwanza vilivyonipatia jina ni matumba tisa ya dhahabu kwenye uzi, kila moja na kiungo chake, ili yacheze mtu anapotembea. Vilinichukua miezi minne. Tumba likizidi unene kidogo tu huwa shanga.

Lakini hata kabla ya hapo kuna sonara wa Mji wa Kale. Nyanya wangu alikuwa akinituma kwake nikiwa na miaka kumi, kupeleka kikuku kilichovunjika au kupima pete kwa tola, kile kipimo cha uzito cha Kihindi. Mzee wa asili ya Kihindi, baba yake sonara, babu yake sonara; hata neno lenyewe tulilipata kwao. Mimi sikuwa nikiondoka upesi. Nilikaa kwenye kizingiti nikimtazama anavyosugua tinkali, ile chumvi ya kulehemia, kwa maji, anavyoipaka palipokatika kwa ncha ya unyoya, halafu anavyopuliza moto kwa mrija hadi lehemu inang'aa na kukimbia kwenye ufa. Aliniambia nisitazame moto, nitazame rangi ya dhahabu. Miaka kumi na mitano baadaye, chuoni, wakatugawia kisahani na donge la tinkali. Wenzangu waliuliza ni kitu gani. Mkono wangu ulikuwa unakijua.

Kwa hiyo usije ukadhani nilikuja huku kufundishwa kila kitu. Kuna niliyojifunza, tena makubwa: kuchora kwa kompyuta, kuchonga nta na kumimina, kupachika almasi ndogo kuliko punje ya mchele. Na kuna mtindo wa huku unaonipa taabu mpaka leo. Dhahabu ya karati 9, yaani sehemu 375 tu katika 1,000, huuzwa kihalali kama dhahabu. Mara ya kwanza nilipomletea mama mkufu wa karati hiyo aliushika, akaugeuza, akauliza kama ni shaba. Niliumia, lakini jicho lake lilikuwa sahihi. Kwetu mtu huanzia 21 au 22. Sasa sishuki chini ya 18, hata mteja akilalamika bei.

Kito cha dhahabu kinachozidi gramu 1 hakiruhusiwi kuuzwa hapa kwa jina la dhahabu bila muhuri wa kuthibitisha usafi wake. Ofisi ya muhuri ya Birmingham ipo tangu 1773 na alama yake ni nanga. Mji huu hauna bahari. Siku nilipopokea kazi yangu ya kwanza yenye herufi zangu na nanga pembeni nililia, kwa kuwa nilikuwa sijaiona bandari yetu ya Kilindini kwa miaka sita.

Utakayoyakuta ukija: mchoro unaouchora ukiwa umeajiriwa ni wa mwajiri. Karakana moja ilichukua mchoro wangu wa hazama, pete ya pua, ikauuza kama pambo la "Afrika" lisilo na kwao, na sheria ilikuwa upande wao. Tangu siku hiyo nafanya kazi yangu mwenyewe, kwa mkopo. Wapo pia wanaonishauri nifue majina ya kanga kwenye vidani. Sitaki. Jina la kanga hutoka kwa mtu likamwendea mtu. Likiuzwa kwa asiyejua kulisoma halisemi kitu.

Kuna siku muuza mawe alinifungulia karatasi yenye mawe ya kijani kibichi, ghali ajabu. Tsavoraiti. Lilipewa jina la Tsavo mwaka 1974, na huchimbwa Taita-Taveta, kule tunakopita kwa basi kwenda Nairobi. Nilivuka bahari ndipo nikalishika.

Na hili ndilo jibu la swali lako la pili. Kuna kiwanda cha vito hapa, Smith & Pepper. Wenyewe walizeeka, wakafunga 1981, wakaacha kila kitu kilipokuwa, hata vikombe vya chai, na sasa ni makumbusho. Nilipoingia nilimkumbuka mzee wetu. Alipofariki, koleo zake, fuawe na vibao vya kuvutia nyuzi viliuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Mawazo unayoniuliza yako huko, na yanaondoka. Chuo kitakungoja. Nenda kwanza kwa sonara yeyote aliyebaki Mji wa Kale, muombe ukae kizingitini mwaka mmoja. Pita Ngomeni, ndani ya Fort Jesus, kwenye ile nyumba ya Waomani, utazame vito vyao vya fedha kwa penseli mkononi. Ada ya mwaka huo ya kujifunza nitailipa mimi, hiyo ninaiweza.

Na ile hazama ya nyanya aliyoiacha kwa mama, ipige picha unitumie. Ipige na upande wa ndani, palipounganishwa. Nataka kuona kama lehemu ni ya mkono wa yule mzee.