Mwanangu, kuhusu ile chanjo na mtoto mnayemtafuta

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako nimeipata, ila nikaona hili sio la kujibu kwa simu huku mtu anapika huku anaongea, bora nikuandikie utulie usome. Umeniuliza hivi: mnatafuta mtoto, kliniki wamekwambia uchanje rubela kwanza halafu usubiri mwezi ndo muendelee, wakataja na chanjo ya mafua na ya korona, wewe unaona mwezi ni mwingi, na juu ya hapo kuna dada wa rafiki yako alichanja mimba ikatoka, kwa hiyo unataka kujua mama angekuwa wewe angefanya nini. Ningechanja. Na rubela ndo ningeanza nayo. Sasa ngoja nikueleze maana najua wewe tangu mdogo "mama kasema" haijawahi kukutosha.

Rubela kwa mtu mzima ni ugonjwa wa kudharauliwa kabisa, vipele kidogo, homa kidogo, tezi zinavimba nyuma ya masikio, siku tatu nne imeisha na wengine hata hawajui kama waliugua. Shida yake ni mtoto aliye tumboni. Mwaka 1941 kuna daktari wa macho kule Australia anaitwa Norman Gregg alishangaa kuona vichanga wengi wanaletwa kwake na mtoto wa jicho, akafuatilia akakuta mama zao wengi waliugua rubela mimba ikiwa changa. Kabla ya hapo nani angefikiri vipele vya siku tatu vya mama vinaweza kumpofusha mtoto? Na sio macho tu, ni uziwi, ni moyo, ni ubongo. Marekani mlipuko wa 1964 na 1965 uliacha watoto kama 20,000 waliozaliwa na hayo madhara, chanjo ikaja 1969. Mama akiipata ndani ya wiki 12 za mwanzo, uwezekano wa mtoto kudhurika unaweza kufika asilimia 90. Hizo wiki 12 fikiria, nusu ya kwanza mtu hata hajui vizuri kama ana mimba.

Sasa hii chanjo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, ndo maana mjamzito hachanjwi, na ndo maana wanakwambia subiri mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Yaani nafasi yako ni sasa hivi. Ukisema utachanja baadaye, ukapata mimba wiki ijayo, basi mpaka ujifungue hakuna wa kukuchoma hiyo sindano, utabaki kuomba Mungu kila ukimwona mtoto wa mtu ana vipele. Hapo ndo mimi nashindwa kuelewana na mtu anayesema ngoja kwanza nizae.

Na ikitokea bahati mbaya mimba ikaingia ndani ya huo mwezi usije ukachanganyikiwa. Wanawake waliochanjwa bila kujua wana mimba wamefuatiliwa kwa miaka mingi, na hajaonekana mtoto aliyezaliwa na madhara ya rubela yaliyoletwa na chanjo, wataalamu wanasema wazi hiyo sio sababu ya kutoa mimba. Mwezi ni wa tahadhari tu. Ila tahadhari ifuateni, kondomu inatosha, mwezi hauishi milele jamani.

Kabla ya yote lakini, umepima? Maana huenda kinga unayo tayari na hii stori yote ya kusubiri haikuhusu. Kadi yako ya utotoni ninayo, nimeitoa jana nikaiangalia, imeandikwa surua peke yake, rubela haimo, kwa hiyo kadi haitusaidii, damu ndo itasema. Unajua mama yako kakaa maabara miaka mingapi akipima damu za wajawazito, kwa hiyo hapa nisikilize: waambie wapime IgG ya rubela, yaani askari wa kinga waliobaki kwenye damu, ikiwa positivu maana yake kinga ipo ya zamani, shangilia, endeleeni na mambo yenu. IgM, askari wa mwanzo, ndo inaashiria maambukizi ya karibuni, na hiyo nayo hudanganya mara nyingine, nimeshaona watu wanalia kwenye korido kwa IgM ambayo kipimo cha pili kilikuja kuikataa. Kama kliniki wataanza kukuzungusha kuhusu kipimo, we chanja tu, ukichanja wakati kinga unayo hakuna kinachoharibika.

Tetekuwanga usijisumbue, wewe uliugua ukiwa mdogo na mimi ndo nilikuwa nakupaka dawa usiku kucha. Asiyeugua wala kuchanjwa anachanja, na chanjo yake nayo ni ya kirusi hai, anasubiri mwezi vilevile. Homa ya ini B pima, kama huna kinga anza chanjo yake, sio ya kirusi hai na haikuzuii kushika mimba, na mtoto akiambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, katika kumi tisa wanabaki nayo maisha yao yote.

Turudi kwenye mwezi wako unaoulilia. Najua mnahesabu. Najua kila siku zako zikija unakaa bafuni muda mrefu, mumeo aliniambia na usimgombeze. Lakini hata watu wawili wazima kabisa, kila mwezi uwezekano ni kama mmoja kwa wanne au watano hivi, na ndani ya mwaka wanane katika kumi wanakuwa wamepata. Mwezi mmoja haukunyimi mtoto. Na huo mwezi una kazi yake, anza vidonge vya vitamini vya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, maana mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki nne tangu mimba itungwe, ukisubiri mpaka upime mkojo ndo ukimbilie vidonge mara nyingi umeshachelewa. Kwa hiyo hata bila chanjo ulitakiwa mwezi wa maandalizi, basi vifanye pamoja.

Ya mafua na ya korona ni habari nyingine, hizo wala hazina kusubiri. Ya mafua chukua ya sindano, ile ya kupulizia puani ina kirusi hai, mjamzito hapewi. Hizi unachanja leo na kesho mnaendelea kumtafuta mtoto wenu, na hata ukiwa na mimba unachanjwa.

Hii ya korona najua ndo inakutisha kuliko zote kwa sababu ya yale maneno ya kufunga kizazi. Yalivuma sana kuanzia Disemba 2020, wakisema kinga inayotokana na chanjo itashambulia protini fulani ya kondo la nyuma inaitwa sinsitini. Mimi nilipoyasikia nilijiuliza swali moja tu, kama kinga ya kirusi hiki inashambulia kondo, mbona wanawake walioumwa korona yenyewe, ambao nao wametengeneza kinga hiyohiyo, wanashika mimba na kuzaa? Na ile protini ya kirusi na hii ya kondo kufanana kwenyewe ni kwa kuokoteza. Baadaye wakaja watu wa chuo kikuu cha Boston, wakafuatilia wapenzi zaidi ya 2,000 waliokuwa wanatafuta mtoto kama nyinyi, majibu yakatoka 2022: waliochanja na wasiochanja hakuna tofauti ya kushika mimba, awe mwanamke awe mwanaume. Waliopata shida kidogo ni wanaume walioumwa korona, ndani ya siku kama 60 baada ya kuumwa uwezo wao ulishuka halafu ukarudi.

Hapo mwambie mumeo asome mara mbili, maana nimesikia na yeye anakataa. Homa kali inaharibu mbegu za kiume, na mbegu kutengenezwa mpaka kukomaa ni kama miezi miwili na nusu, kwa hiyo mwanaume akilazwa na homa leo mnailipia miezi inayofuata. Anaogopa sindano itapunguza mbegu? 2021 walipima wanaume 45 kabla na baada ya dozi mbili, hazikupungua. Na kama hana kinga ya rubela na yeye achanje, wala kwake hakuna kusubiri mwezi, chanjo yake haihamii kwako. Mimba sio ya mwanamke peke yake hata kama kliniki wanaita jina la mwanamke tu.

Kitu kimoja cha kweli kwenye hayo maneno ya watu ni period. Ndiyo, chanjo ya korona inaweza kuisogeza. Utafiti wa wanawake karibu 4,000 uliotoka 2022 uliona mzunguko unarefuka kwa wastani wa chini ya siku moja halafu unarudi kawaida. Nakwambia hili kwa sababu nakujua, unatumia ile app ya kuhesabu siku za hatari, ikichelewa siku moja utaanza kuwaza una mimba au umeharibika, kumbe wala.

Sasa dada wa rafiki yako. Hapa sitaki kuongea kama mtu wa maabara maana mimba ikitoka imetoka, maumivu ni yaleyale. Lakini wewe umeniuliza, basi jibu ni kwamba katika mimba 100 zinazojulikana, kama 15 hivi zinatoka, na ilikuwa hivyo kabla ya korona, na zile za mapema nyingi chanzo ni kromosomu za mtoto, zile zinazobeba urithi, hazikukaa sawa tangu siku ya kwanza. Wakichanjwa wanawake wengi wenye mimba lazima kuna ambao mimba ingetoka wiki hiyo hata kama wangelala nyumbani. Walipolinganisha waliochanja na wasiochanja, kutoka kwa mimba hakukuongezeka. Ila tafadhali usiende kumsomea yeye hizi hesabu. Akikwambia ni chanjo, mpe pole tu ukae naye.

Na ukisikia tena la pepopunda, kwamba ile sindano ya wajawazito inamaliza kizazi, hilo ni la zamani kuliko hata wewe. Mwaka 1988 watoto wachanga kama 787,000 duniani walikufa na pepopunda, 2018 wakawa wamebaki kama 25,000, na kazi kubwa imefanywa na hiyohiyo sindano pamoja na kuzalia sehemu safi. Mimi mwenyewe nilikuwa nawapima damu wanawake walewale, mimba ya kwanza, ya pili, ya nne, na kila mimba sindano wamepigwa. Kizazi kilichofungwa kinarudije kliniki kila baada ya miaka miwili?

Ya kusema ukifika pale: kama unatumia dawa yoyote ya kushusha kinga ya mwili sema, chanjo za kirusi hai hazikufai. Kama uliwahi kupata mzio mkali baada ya sindano sema. Kama siku zako zimechelewa hata kidogo pima mkojo kwanza kabla ya ile ya rubela. Na usikubali kutoka bila kuandikiwa tarehe kwenye kadi, maana ukiwa na mimba watakuuliza na utakuwa umesahau.

Kuhusu mama mkwe wako anayeuliza kila Jumapili mbona bado, hana haja ya kujua habari za sindano wala mwezi wa kusubiri. Mwambie tupo kwenye maandalizi mama, tuombee, mwache aombe, ndo kazi anayoipenda.

Majibu ya damu yakitoka piga picha karatasi nzima unitumie, sio ile sehemu ya juu yenye jina tu, mimi nataka namba yenyewe na kile kiwango cha maabara kinachoandikwa pembeni. Baba yako anakusalimu, ameniuliza naandika nini muda wote huu nikamwambia barua ya kikundi.

Mama yako