Caruso na zile dola milioni 81

Ndugu yangu, umeuliza vipi Oklahoma City Thunder, timu ya mpira wa kikapu ya ligi ya Marekani (NBA), wampe mchezaji wao Alex Caruso dola milioni 81 kwa miaka 4, na msimu wa 2024/25 wastani wake ulikuwa pointi 7 tu kwa mechi. Unampima kwa kazi ambayo hakuajiriwa kuifanya. Hata hapa Malindi ndivyo tulivyo, makofi yote kwa mfungaji, na anayekaba mpaka jasho linamkauka hatumjui jina. Inaniuma sana.

Tafuta marudio ya mechi ya 7, ile ya mwisho ya mfululizo wa mtoano dhidi ya Denver, Mei 2025. Usifuate mpira, mtazame Caruso na Jokić, nyota wa Denver. Anazidiwa kimo kama sentimita 15, lakini anajibanza mbele yake, anasukumana naye, pasi inakosa pa kupita. Thunder walishinda 125-93, kisha wakachukua ubingwa.

Pesa nayo ilinganishe na kikomo cha mishahara, yaani kiwango cha ligi cha jumla ya mishahara ya wachezaji wa timu moja: 2025/26 ni takriban dola milioni 154, yeye anachukua kama 18. Si nyingi. Hofu yangu ni umri. Mkataba utaisha akiwa na miaka 35, na ukabaji wa namna ile unakula magoti.