Taa na mwani wenye alama moja ya NT

SWALI: Naandaa jedwali la viumbe wanaokaribia kuingia hatarini. Taa mwenye miiba (samaki bapa wa baharini, Raja clavata) na mwani mmoja wa maji baridi wa jenasi ya Chara wote wameandikiwa NT. Je, naweza kusema hali zao zinalingana?

JIBU: Hapana, usiandike hivyo. NT (kifupi cha Kiingereza Near Threatened) maana yake kiumbe amepimwa, hajafikia kiwango cha kuhesabiwa yuko hatarini, ila amekikaribia. Alama hiyo haikuambii alipimwa kwa kigezo gani.

Taa kwa kawaida hupimwa kwa kupungua kwake. Kwa vigezo vya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, spishi iliyopungua kwa asilimia 30 katika miaka 10 au vizazi vitatu, muda wowote ulio mrefu zaidi, huweza kuhesabiwa iko hatarini ikiwa chanzo bado hakijakoma. Taa hukawia kukomaa, kwa hiyo vizazi vitatu ni miongo mizima. Umewahi kushika mfuko wa yai lake? Ni mweusi, mgumu kama ngozi, wenye pembe nne, na ndani mna kinda mmoja tu anayekaa humo miezi kadhaa. Akitoka, upana wa mwili wake na miiba yake humfanya anaswe mapema na nyavu za kukokota, hata kama mvuvi anatafuta samaki wengine.

Mwani hauhesabiwi mmoja mmoja. Mara nyingi tunahesabu maziwa na madimbwi ambamo bado unaota: eneo linalokaliwa likiwa chini ya kilomita za mraba 2,000, likiwa limekatikakatika na bado linapungua, spishi iko hatarini. Chara ukiipapasa inakwaruza kwa chokaa, na wakati mwingine hunuka kama kitunguu saumu. Mbolea ikitiririka ziwani, viumbe vidogo sana vya kijani vinavyoelea huongezeka na kuuzuia mwanga usifike chini. Lakini spora za Chara, yaani chembe zake zinazoota kama mbegu, huweza kulala topeni miaka mingi, kisha zikaota maji yakitakata. Taa hana akiba ya namna hiyo.

Angalia pia alama imetoka orodha ipi. Ya taa huyu ni ya dunia nzima. Za mwani wa maji baridi nyingi ni za nchi moja moja. Nitellopsis obtusa, ndugu wa Chara, umo katika orodha nyekundu (orodha za viumbe walio hatarini) za nchi kadhaa za Ulaya, ilhali katika maziwa ya Amerika Kaskazini watu wanahangaika kuung'oa kama mvamizi.

Kwa hiyo ongeza safu mbili katika jedwali lako: kigezo kilichotumika, na orodha pamoja na mwaka wake.